Damu Inavyoishuhudia Misuli ya Wazee

Sakopenia ni maradhi ya misuli yanayoandamana na umri. Nguvu hupungua kwanza, misuli yenyewe hukonda, na mwisho mzee hushindwa kuinuka kigodani bila kushika ukuta, hushindwa kujitwika ndoo ya maji, huanguka kwenye njia aliyoizoea tangu utoto. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1988 na Irwin Rosenberg, mtafiti wa lishe wa Marekani, aliyeshangaa kwamba badiliko la uzee lililo wazi kiasi hicho halikuwa limepewa hata jina. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2016 ndipo maradhi haya yakapata namba yao katika orodha ya magonjwa inayotumiwa na hospitali za Marekani. Kwa muda wote huo, na mahali pengi hadi leo, yaliitwa uzee tu.

Katika mwili wa kijana, misuli ni takriban asilimia 40 ya uzito wote. Baada ya umri wa miaka 50, wingi wake hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 kila mwaka, na nguvu hupungua kwa kasi zaidi. Utafiti wa Marekani uitwao Health ABC, uliowafuatilia wazee wenye umri wa miaka sabini na kitu, ulionyesha kwamba nguvu za mguu zilishuka mara tatu hivi zaidi ya misuli ya mguu huohuo. Kwa hiyo kuna kinachoharibika ndani ya msuli kabla haujaonekana kukonda. Neva zinazouamrisha msuli hufa moja moja. Nyuzi zilizobaki bila neva huchukuliwa na neva ya jirani, na zikikosa wa kuzichukua hunyauka. Nyuzi za kasi, zile zinazomwezesha mtu kujiwahi anapoteleza, ndizo hutangulia kupotea. Mafuta huingia katika nafasi zilizoachwa. Seli za akiba zinazokarabati msuli hupungua, na msuli wa mzee huhitaji protini nyingi zaidi kuliko wa kijana ili kuitikia chakula kwa kiwango kilekile.

Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, katika nchi ya Wamaza, kutoka Kasongo karibu na mto Lualaba hadi Kabambare upande wa mto Luama, jambo hili lina uzito wake. Riziki hutoka mkononi: mashamba ya muhogo, mpunga na karanga, ukamuaji wa mawese, uchukuzi wa kuni na mizigo kwa kichwa na mgongo. Mkulima hana pensheni. Mzee hulima hadi siku anaposhindwa kulima, na siku hiyo hubadilisha hesabu ya chakula ya nyumba nzima. Kazi ya namna hii huilinda misuli. Mwili uliofanya kazi miaka 60 hauko sawa na mwili uliokaa ofisini. Lakini chakula chenye protini kidogo, homa zinazorudi kila msimu, minyoo, na miaka ya kuyakimbia mapigano huivuta misuli upande mwingine. Hakuna anayeweza kusema kwa kukisia upande upi unashinda. Inabidi kupima.

Kipimo kinachokubalika ulimwenguni huanza na mkono. Kundi la wataalamu wa Ulaya lililorekebisha maelekezo yake mwaka 2019 linataka nguvu ya kubana kwa kiganja ipimwe kwa dainamomita: chini ya kilo 27 kwa mwanamume, au chini ya kilo 16 kwa mwanamke, sakopenia inashukiwa. Njia ya pili ni kiti. Mzee huinuka na kuketi mara tano bila kutumia mikono, na akizidi sekunde 15 miguu yake ina udhaifu. Baada ya hapo hutakiwa picha ya mionzi inayotenganisha mfupa, mafuta na misuli, ili kuthibitisha kwamba misuli imepungua kweli. Wataalamu wa Asia, katika maelekezo yao ya mwaka 2019, waliongeza kitu rahisi zaidi: utepe wa kuzungushia shavu la mguu, ambapo chini ya sentimita 34 kwa mwanamume na 33 kwa mwanamke huhesabiwa kuwa dalili.

Mashine ya mionzi ya aina hiyo haimfikii mzee wa Kabambare, na hata huko ilipo hupima umbo la msuli, haipimi yanayotokea ndani yake. Hapo ndipo watafiti walipoigeukia damu. Damu hupita katika kila msuli na kubeba mabaki ya kazi yake. Huenda basi tone lake likaeleza hali ya msuli mapema, kwa bei nafuu, bila kumsafirisha mtu. Tumaini hilo lina msingi, lakini kiashiria cha damu hakina budi kujibu maswali magumu. Je, kinatoka kwenye msuli hasa, au kila kiungo hukitoa? Je, kinabadilika kabla ya nguvu kuisha? Je, homa ya jana inakivuruga? Na kikishajulikana, tiba itabadilika?

Kiashiria kilicho karibu zaidi na maisha ya hospitali za kawaida ni kreatinini. Misuli hutunza kreatini, akiba ya nishati ya haraka. Karibu asilimia 95 ya kreatini yote ya mwili imo ndani ya misuli. Kila siku sehemu yake, chini kidogo ya asilimia 2, hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, huingia kwenye damu, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Mmenyuko wa rangi unaotumika kuipima uligunduliwa na Max Jaffe mwaka 1886, na hadi leo kipimo chake ni miongoni mwa vipimo vya bei ndogo kabisa katika maabara. Daktari huiagiza ili kujua hali ya figo: kreatinini ikipanda, figo zimechoka. Lakini namba hiyo ina wazazi wawili. Mtu mwenye misuli mingi huzalisha nyingi, na mtu aliyekonda huzalisha kidogo, hata kama figo zao ni sawa.

Kwa mzee aliyepoteza misuli, hitilafu hii ni ya hatari. Figo zake zinaweza kuwa zimeharibika, kreatinini ikabaki chini kwa sababu hakuna msuli wa kuizalisha, na karatasi ya maabara ikasema kila kitu ni salama. Hatari hiyo imeonekana katika Afrika yenyewe. Utafiti uliofanywa Kinshasa na Abidjan, ukachapishwa mwaka 2019 ukiongozwa na Justine Bukabau, uliijaribu milinganyo ya kukadiria kazi ya figo iliyotungwa ng'ambo, pamoja na nyongeza ambayo Wamarekani walikuwa wakiiweka kwa watu weusi kwa dhana kwamba wana misuli zaidi. Nyongeza hiyo iliharibu makadirio. Bila hiyo hesabu zilikaribia ukweli. Mwaka 2022 watafiti wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda walichapisha kazi kubwa zaidi: walipima uchujaji wa figo moja kwa moja kwa dawa inayodungwa mshipani na kufuatiliwa inavyotoweka, kisha wakalinganisha na makadirio ya kreatinini. Makadirio yalizipamba figo kuliko zilivyo, na wembamba wa misuli ulitajwa kuwa miongoni mwa sababu. Dhana kwamba Mwafrika ana misuli mingi ilitoka kwa Wamarekani weusi wanaokula chakula cha Marekani. Haikutoka kwa mkulima wa Kalungu nchini Uganda wala wa Maniema, na madhara yake yameonekana kwenye dozi za dawa na kwenye magonjwa ya figo yaliyochelewa kugunduliwa.

Kosa la daktari wa figo, hata hivyo, ni zawadi kwa mtafiti wa misuli. Ikiwa kreatinini inabeba habari mbili, moja ikiondolewa nyingine hubaki. Protini iitwayo sistatini C hutolewa na kila seli ya mwili yenye kiini, kwa kasi isiyobadilika sana, nayo huchujwa na figo vilevile. Wingi wa misuli hauigusi sana. Mwaka 2017 madaktari wa Mayo Clinic, Kianoush Kashani na wenzake, walichukua kreatinini wakaigawa kwa sistatini C, wakazidisha kwa 100, na kupata namba waliyoiita kielezo cha sakopenia. Waliianzia kwa wagonjwa mahututi, ambapo namba ndogo ilikwenda pamoja na misuli midogo iliyoonekana kwenye picha. Tangu hapo imejaribiwa kwa wazee wa nchi nyingi, hasa za Asia ya Mashariki.

Mfano wa hesabu unatosha kuonyesha ubora wake. Wazee wawili wanakuja. Wa kwanza ana kreatinini miligramu 1.0 kwa desilita na sistatini C miligramu 1.0 kwa lita: kielezo chake ni 100. Wa pili ana kreatinini 0.6 na sistatini C 1.2: kielezo ni 50. Kwa kreatinini peke yake, wa pili angesifiwa kuwa na figo bora kuliko mwenzake. Kwa namba zote mbili inaonekana figo zake zimepungua kazi na misuli yake imepungua zaidi. Vipimo viwili vya bei ya kadiri vimefichua kile ambacho kimoja kilikificha.

Mipaka yake inajulikana. Aliyekula nyama nyingi jana atapandisha kreatinini. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, dawa za steroidi, uvutaji sigara, unene na inflamesheni hupandisha sistatini C bila figo kuhusika. Kielezo hiki pia hakina kiwango kimoja kinachokubaliwa na wote. Hata hivyo, kati ya viashiria vyote vinavyozungumzwa, hiki ndicho chenye sababu ya moja kwa moja: kinahesabu kitu kinachotoka kwenye msuli. Ushahidi wa nguvu ya wazo hilo ulitoka kwenye kipimo jirani kinachotumia mkojo. Mzee hunywa miligramu 30 za kreatini iliyowekewa haidrojeni nzito, na baada ya siku chache mkojo wake huonyesha kreatini hiyo imechanganyika na akiba kubwa kiasi gani. Katika utafiti wa wanaume wazee wa Marekani uitwao MrOS, misuli iliyopimwa hivyo ilihusiana na ulemavu, maanguko na vifo, wakati picha ya mionzi ilionyesha uhusiano dhaifu mno.

Kundi la pili la viashiria linahusu inflamesheni, ule mwamko wa kinga unaoleta joto na uvimbe. Mwaka 2000 Claudio Franceschi wa Italia alieleza kwamba uzee huja na mwamko wa chinichini usiozima, na tangu hapo protini kama interlukini-6 na CRP zimepimwa kwa maelfu ya wazee. Wenye viwango vya juu kwa miaka mingi huelekea kupoteza nguvu mapema, kwa sababu mwamko huo huvunja protini za msuli na kuzuia kujengwa kwa mpya. Ugumu ni kwamba CRP hupanda kwa karibu kila kitu. Pia interlukini-6 ina nyuso mbili: Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba msuli wenyewe huimwaga kwa wingi unapofanya kazi nzito. Mzee aliyetoka shambani na mzee mwenye maambukizi wanaweza kuwa na namba moja kwa sababu zinazopingana.

Kwa Maniema ugumu huo ni mara mbili. Malaria haina msimu wa kupumzika. Kichocho cha matumbo kimekuwepo tangu zamani, hasa maeneo ya migodi. Minyoo, filaria na kifua kikuu vipo. Mwaka 2025 jarida la Nature Aging lilichapisha ulinganisho uliostahili kusomwa na kila mtu anayetaka kuleta vipimo vya Ulaya vijijini. Watafiti walichukua mpangilio wa inflamesheni unaopanda na umri kwa wazee wa Italia, wakautafuta kwa wazee wa Singapore, kisha kwa Watsimane wa misitu ya Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Italia na Singapore zilifanana kwa kiasi. Kwa makundi mawili ya misituni, mpangilio huo haukupanda na umri, na haukuambatana na magonjwa sugu ya uzee kama ulivyofanya mijini. Watsimane wanaishi na vimelea tangu utotoni, kinga zao ziko macho maisha yote. Mkulima wa Kabambare anafanana nao kuliko anavyofanana na mzee wa Italia. CRP yake, ikisomwa kama alama ya sakopenia, itasema habari za mbu na minyoo.

Mahali ambapo neva hukutana na msuli pamezaa kiashiria cha aina nyingine. Protini iitwayo agrini huyashikilia maungano hayo; kimeng'enya cha neurotripsini kikiikata, kipande chake cha mwisho huelea kwenye damu. Kipande hicho kikiwa kingi, maungano yanabomoka. Kwa kuwa kifo cha maungano ni mojawapo ya vyanzo vya udhaifu, wazo hili lina mantiki nzuri, na kwa sehemu ya wazee, hasa wanaume, wenye kipande kingi wameonekana kuwa na misuli kidogo. Lakini figo ndizo hukiondoa, kwa hiyo maradhi ya figo hukipandisha pia. Karibu kila kiashiria cha damu hupita kwenye lango hilohilo la figo, na mtafiti asiyelipima hukosea.

Miostatini ndiyo iliyoleta matumaini makubwa kuliko zote. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Johns Hopkins waligundua protini inayozuia msuli usikue kupita kiasi. Panya waliozaliwa bila hiyo walitoka na misuli minene ajabu. Baadaye ikafahamika kwamba ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Blanc Bleu Belge, wenye mapaja yaliyojaa kama ya mchukuzi wa gati, wana hitilafu katika jeni hiyohiyo. Ilidhaniwa wazee wangekutwa na miostatini nyingi kwenye damu. Matokeo yamepingana, na mara nyingi wenye misuli kidogo wana miostatini kidogo, kwa sababu inayoeleweka: msuli ndio kiwanda chake, na kiwanda kikipungua bidhaa hupungua. Dawa za kuizuia zimeongeza wingi wa misuli kwa wazee, lakini kuongezeka kwa nguvu na mwendo kumekuwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Hadithi ya GDF-11 ni onyo. Kuanzia mwaka 2013 watafiti wa Harvard walitangaza kwamba protini hiyo hupungua na umri na kwamba kuirudisha kunarudisha ujana wa moyo na misuli ya panya wazee. Mwaka 2015 watafiti wa Novartis walionyesha kwamba kipimo kilichotumika kilishindwa kuitofautisha na miostatini, ndugu yake wa karibu, na kwamba GDF-11 inaweza kuzuia ukarabati wa msuli. Irisini nayo, iliyotangazwa mwaka 2012 kuwa homoni ya mazoezi, ilipita katika mabishano ya namna hiyo juu ya vipimo visivyoaminika. GDF-15 iko imara zaidi: hupanda na umri bila shaka, na hupanda pale mitambo ya nishati ndani ya seli inapochoka. Lakini hupanda pia kwa saratani, maradhi ya moyo, mimba, na dawa ya kisukari ya metformini. Inasema kwamba mwili una shida. Haisemi shida iko msulini.

Albumini, hemoglobini, vitamini D na testosteroni hutajwa mara nyingi. Zina thamani kwa kutafuta chanzo cha udhaifu unaotibika, na hemoglobini hasa, kwa kuwa mzee mwenye upungufu wa damu hulegea hata kama misuli yake ni mizima. Kama viashiria vya sakopenia ni dhaifu.

Kwa kuwa hakuna kiashiria kimoja kinachotosha, watafiti wa Roma walio katika mradi wa BIOSPHERE walichukua njia ya kupima vitu vingi kwa pamoja, asidi za amino, protini za inflamesheni na vinginevyo, kisha wakaiachia hesabu itafute mpangilio unaowatenganisha wazee wadhaifu na wenye nguvu. Mpangilio huo ulifanya kazi kwa wazee waliopimwa, ambao hawakuwa wengi. Asidi za amino kwenye damu hutegemea chakula. Mpangilio wa mtu anayekula jibini na tambi hauwezi kuazimwa kwa anayekula bugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kila eneo lazima litengeneze wake au lithibitishe wa wengine kabla ya kuutumia.

Maniema tayari ina uzoefu wa kipimo cha damu kinachofika kijijini, na uzoefu huo unafaa kuangaliwa. Malale yamekuwa tatizo la jimbo hilo kwa vizazi. Kipimo cha CATT, kilichotengenezwa na wanasayansi wa Antwerp mwaka 1978, kilitumia tone la damu kwenye kadi, likachanganywa na vimelea vilivyokaushwa, likazungushwa kwa dakika tano. Chembe zikishikamana, mtu huyo hutafutiwa vimelea kwa darubini. Timu za kuhamahama ziliweza kupima kijiji kizima kwa siku. Kipimo hicho kilifaulu kwa sababu tatu zisizohusiana na ustadi wa kemia: jibu lilitoka mtu akiwa bado amesimama pale, kila jibu baya lilifuatwa na uthibitisho, na dawa ilikuwepo. Hata hivyo kilihitaji ubaridi kutunzwa, na ndiyo sababu baadaye vilitengenezwa vipimo vya mtu mmojammoja visivyohitaji jokofu.

Viashiria vya misuli viko mbali na hali hiyo. Agrini, miostatini na GDF-15 hupimwa kwenye sahani zenye vishimo 96, kwa kemikali zinazoagizwa ng'ambo, kutoka sampuli zilizogandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Damu iliyochukuliwa katika nchi ya Wamaza na kusafirishwa kwa pikipiki kwenye barabara ya matope hadi mahali penye umeme wa uhakika itakuwa imeharibika kabla ya kupimwa. Kreatinini haina usumbufu huo, na sistatini C inaweza kuongezwa katika maabara ya hospitali kubwa ya rufaa yenye mashine ya kawaida ya kemia. Uamuzi wenye busara kwa kusini mwa Maniema ni kuanza hapo, na kuviacha vingine mikononi mwa watafiti.

Hata kreatinini na sistatini C hazipaswi kutangulia. Mzee aanze kwa maswali matano mafupi ya dodoso la SARC-F: ugumu wa kunyanyua mzigo, wa kutembea, wa kuinuka kitini, wa kupanda ngazi, na idadi ya maanguko ya mwaka uliopita. Kwa kijiji kisicho na ngazi, swali la ngazi libadilishwe liwe mwinuko unaojulikana na watu wa pale. Kiti, utepe na dainamomita vifuate. Mhudumu wa kituo cha afya anaweza kuvitumia vyote katika dakika chache. Watafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliotengeneza chombo kifupi cha kutambua udhaifu wa wazee wa Tanzania, wameonyesha kwamba kazi hii inawezekana vijijini bila maabara. Damu ije baadaye, na kazi yake ya kwanza iwe kutafuta chanzo: upungufu wa damu, kisukari, VVU, kifua kikuu, figo. Mguu dhaifu si lazima uwe wa sakopenia. Konzo, kwa mfano, iliyoelezwa kitabibu na Giovanni Trolli katika Kwango mwaka 1938, huja ghafla na kuikakamaza miguu yote miwili kwa waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakati sakopenia huja polepole na kuilegeza.

Muhogo una sehemu yake katika sakopenia pia, kwa njia ya hesabu ya protini. Wataalamu wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wa mzee kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Mzizi mbichi wa muhogo una protini ya asilimia 1.4 hivi. Hata kilo tatu kwa siku hazitamfikisha, na tumbo la mzee halibebi kilo tatu. Gramu 240 hivi za karanga zinafikisha gramu 60. Maharage, samaki wa Lualaba, viwavi vilivyokaushwa na majani ya muhogo yenyewe huziba pengo hilo kwa wingi kuliko mzizi. Zaidi ya hayo, mwili huondoa mabaki ya sianidi ya muhogo kwa kutumia salfa kutoka kwenye asidi za amino metionini na sisteini, zilezile ambazo msuli unazihitaji. Anayekula muhogo usioandaliwa vizuri huilipa sumu hiyo kwa protini asiyokuwa nayo ya ziada.

Protini ni tiba ya kwanza; ya pili ni mazoezi ya mzigo wa kipimo. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwafundisha wazee 10 wa makao ya Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Matokeo hayo yameifuta hoja kwamba msuli wa mzee umeshakwisha. Mzee aliyelazwa kwa malaria wiki mbili hapaswi kuachwa kitandani hadi asahau kutembea. Kuinuka na kuketi mara kumi, asubuhi na jioni, ni dawa ambayo haihitaji kuagizwa ng'ambo.

Kinachokosekana zaidi ya mashine ni viwango vya watu wa mahali. Utafiti wa PURE uliochapishwa mwaka 2015, wenye watu 139,691 wa nchi 17, ulionyesha kwamba kila kilo 5 zinazopungua katika nguvu ya kiganja ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa, na nguvu ya kawaida ilitofautiana sana kati ya nchi na nchi. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini na Zimbabwe. Nchini Gambia, watafiti waliopima wakulima wa Kiang West walikuta kwamba idadi ya wenye sakopenia ilibadilika kufuatana na maelekezo yaliyotumika. Kwa mwanamke mwembamba wa Kabambare aliyelima maisha yote, kilo 16 za Ulaya zinaweza kuwa nyingi mno au chache mno. Jibu litapatikana kwa kupima vijana wenye afya wa hukohuko, wakapewa nafasi ya kuwa kipimo cha wazee wao.

Kasongo ina sababu ya pekee ya kufanyiwa kazi hiyo. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp na waganga wa Zaire (Kongo ya leo) walijenga hapo mfumo wa vituo vya afya uliokuja kufundishwa duniani kote. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto. Maelfu ya watoto wa Kasongo walipimwa uzito, urefu na mzingo wa mkono tena na tena, ili kujua kama vipimo hivyo vinatabiri nani atakufa. Utafiti wa Hertfordshire nchini Uingereza ulionyesha baadaye kwamba waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na viganja dhaifu walipozeeka. Inaelekea msuli wa uzeeni huanza kujengwa tumboni na katika miaka ya kwanza. Watoto wale wa Kasongo waliobaki hai wana sasa miaka 50 hivi, umri uleule ambao misuli huanza kupotea. Dainamomita, utepe wa shavu la mguu, kreatinini na sistatini C, vikitumiwa kwao sasa na kurudiwa baada ya miaka mitano, vingetoa viwango vya kwanza vya misuli kwa kusini mwa Maniema, na vingeonyesha ni namba ipi ya damu inayotangulia udhaifu katika mwili uliokulia kati ya malaria, muhogo na kazi ya jembe.